Siku ya Posho

Kwa Kiswahili cha Bukavu, Jumamosi huitwa siku ya posho. Wazee walituambia jina hilo lilibaki tangu enzi za mkoloni, wafanyakazi walipokuwa wakigawiwa unga na chumvi yao ya wiki siku hiyo. Mama yangu hakuwahi kugawiwa unga na mkoloni yeyote, lakini jina hilo alilichukulia kwa uzito wa Amri Kumi. Siku ya posho ni siku ya kupata. Mtu anayeamka Jumamosi akaenda mahali pasipo na cha kupata, kwa maoni yake, ama ni mgonjwa ama ni mtoto wa tajiri. Mimi nilikuwa mzima wa afya, na mfuko wa baba yangu aliujua vizuri kuliko baba mwenyewe.

Tulihamia Johannesburg nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mama alifungua saluni Rosettenville, katika nusu ya duka. Nusu ya pili ilikuwa ya fundi wa simu. Kulikuwa na viti vitatu na mashine mbili za kukaushia nywele, moja nzima. Baba alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana alilala, na migogoro yote ya nyumbani aliipigia kura kwa kukoroma. Mimi nilikuwa na kiti changu, cha tatu, karibu na mlango. Tangu tulipofika, kila siku ya posho nilisimama nyuma yake nikisuka rasta, kuanzia asubuhi mpaka miguu igome.

Niseme ukweli, nilikuwa msusi mzuri. Mama alinifundisha tangu nikiwa na miaka tisa, na alinifundisha kwa njia yake. Nyuma ya sikio, pale ambapo nywele ni dhaifu na hukatika upesi, wasusi wengine hugawa nywele kwa vipande vya mraba kama sehemu nyingine yoyote ya kichwa. Mama alizigawa kwa pembe tatu ndogo, ncha ikitazama juu, ili msuko usivute. Aliiita kona tatu. Sijawahi kuiona kwa msusi mwingine, na nimetazama masikio mengi.

Mwaka 2016, nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, nilijiunga na timu ya mpira wa miguu ya wanawake. Nilipangwa beki wa kushoto kwa sababu aliyekuwepo alipata mimba na mimi nilikuwa nimesimama karibu. Niliupenda mpira kwa namna ambayo sikuwa nimepanga. Tatizo ni kwamba mechi zote zilichezwa Jumamosi.

Mama aliposikia, aliuliza swali moja.

"Banakulipaka ngapi?"

"Hawalipi, mama. Ni timu ya chuo."

"Sasa unaenda kukimbia-kimbia siku ya posho, bure?" Alimgeukia mteja aliyekuwa kitini, mwanamke wa Angola asiyejua Kiswahili, na akamwomba ashuhudie. "Mpira haiko kazi. Kazi njo ile banakulipaka."

Tulielewana kwa shida. Ningekwenda mechi moja, nikose moja, na ile ya kwenda ningerudi saa saba mchana. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza niliucheza nusu. Nilikuwa narudi na tope kwenye magoti, nanawa mikono kwenye sinki la kuoshea vichwa, nasimama nyuma ya kiti cha tatu. Kuna mteja alikwenda nyumbani akarudi kulalamika kwamba amekuta jani la nyasi ndani ya rasta. Mama alimpunguzia bei na kunitazama.

Nilichotaka mimi kilikuwa kidogo mno hata naona haya kukiandika. Nilitaka Jumamosi zangu.

Mwanzoni mwa 2017 kocha wetu, Mzulu mpole mwenye kitambi, alirudi kutoka kwenye semina. Alitugawia kila mmoja kadi nyeupe, akaandika neno moja ubaoni, *motivation*, na kututaka kila mtu aandike yake. Wenzangu waliinama wakaandika kwa bidii. Mimi niliona swali geni lakini la haki.

Lazima nieleze. Kwetu Kongo neno hilo lilikuja na Kifaransa, na lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kubadili kazi. Kwetu motivasio ni pesa. Wazazi huwachangia walimu motivasio kila mwezi ili waje kufundisha. Fundi anayekawia hupewa motivasio. Mtu akikuambia hana motivasio, hakuombi maneno ya kumtia moyo. Anakuomba utoe mkono mfukoni. Nilijua Kiingereza, nilikuwa nimefaulu mtihani wake, lakini neno la kwanza kuingia kichwani ndilo linalokalia kiti. Niliandika: "Randi mia tano kwa mwezi, lakini tunaweza kuelewana."

Kocha alizisoma kadi kwa sauti. Mmoja aliandika bibi yake. Wanne waliandika Mungu. Mshambuliaji wetu, ambaye ndiye alikuwa nahodha, aliandika kwamba anataka kuvaa jezi ya taifa. Halafu ikaja yangu. Walicheka mpaka golikipa akakaa chini.

"Eish," kocha alisema, akiigeuza kadi kuona kama nyuma kuna maelezo. "Wewe angalau unajua unachotaka."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilisimama nikawaambia kwamba shuleni kwetu mtoto asiye na motivasio alirudishwa nyumbani, na mimi nilirudishwa mara mbili nikiwa na miaka minane, nikapita sokoni na daftari kichwani watu wakiniona, kwa hiyo kama ni kucheka wacheke taratibu. Walicheka taratibu.

Miezi miwili baadaye alikuja mfadhili. Ilikuwa kampuni ya bima ya mazishi. Meneja wao alikuja mazoezini kwa suti nyeusi, akasimama kwenye mstari wa katikati na uso ule ule ambao bila shaka alikuwa nao kazini, akatueleza kwamba kampuni yake inaamini katika vijana. Tukapewa jezi mpya zenye mshumaa kifuani. Kisha akasoma karatasi. Atakayeanza mechi, randi mia tatu. Atakayekaa benchi, mia na hamsini. Kila goli, mia mbili kwa mfungaji. Golikipa asipofungwa, mia mbili.

"Na mabeki?" niliuliza.

Aliipitia karatasi tena, mbele na nyuma.

"Mabeki wanaanza mechi," alisema.

Timu nzima ilikuwa imegeuka kunitazama, kama watu wanaomtazama jirani aliyeota nambari za bahati nasibu. Nahodha aliniuliza kwa kunong'ona kama kuna kitu kingine ninachokijua.

Nilimwambia mama jioni hiyo. Aliweka kitana chini.

"Banakulipa? Juu ya mpira?"

"Mia tatu kila mechi."

Alianza kupiga hesabu, midomo ikicheza. Kulikuwa na msichana wa Lubumbashi aliyekuwa akitafuta kazi ya Jumamosi, mwenye vidole vyepesi na tabia ya kuimba. Angekubali mia mbili na hamsini kwa siku. Mimi ningetoa hiyo, yeye angesimama nyuma ya kiti cha tatu, na hamsini ingebaki nauli yangu.

"Sasa iko kazi," mama alisema. "Enda. Na usichelewe, batu ya kazi habachelewake."

Kuanzia hapo mambo yalibadilika nyumbani hata nikaogopa. Kaptura yangu ilipigwa pasi. Ijumaa nilipewa kipande kikubwa cha nyama, kwa sababu mfanyakazi hula. Kanisani kwetu Troyeville mama aliwatangazia akina mama wenzake kwamba binti yake ameajiriwa chuo kikuu, upande wa mipira. Nilifurahi. Pia niliumia, na nitasema kwa nini. Mwaka mzima nilikuwa nimemwambia kwamba nakipenda kitu hiki, na alisikia kelele tu. Mtu wa mazishi alisema mia tatu, na yeye akasikia mara moja.

Kuhusu posho yenyewe nitakuwa mwadilifu, maana watu hupenda kuisema vibaya pesa wakiwa wameshiba. Ilitufaa. Hakuna aliyechelewa tena mazoezini. Winga wetu, ambaye alikuwa akitembea kutoka Bertrams kwa miguu halafu anakimbia dakika tisini, alianza kupanda gari, na kumbe alikuwa na kasi ambayo hatukuwahi kuiona, ilikuwa inaishia njiani. Wawili waliokuwa wakizimia walianza kula mchana wakaacha kuzimia. Tulishinda mechi nne mfululizo.

Halafu nahodha akaacha kutoa pasi.

Haikutokea siku moja. Zamani yeye na winga walikuwa wakipeana mpira mbele ya goli mpaka tunawafokea, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye afunge. Sasa nahodha alipiga kutoka kila mahali. Alipiga kutoka kwenye kona. Winga naye akajifunza haraka, na kuna mpira mmoja uliowagonga wote wawili ukaingia golini, wakakimbilia kwa refa badala ya kushangilia, wakimtaka aandike mguu wa nani ulikuwa wa mwisho. Refa alisema yeye ameona goti. Kesi ilifika kwa meneja wa mazishi, ambaye aliigawa mia kwa mia, na wale wawili hawakusalimiana wiki tatu.

Kiungo wetu alivimba kifundo cha mguu kama andazi, akakificha ndani ya soksi mbili ili aanze mechi. Golikipa alianza kutuchukia sisi mabeki kwa dhati. Kila mpira uliotupita aliutaja kwa bei yake. Walio benchi walitutazama kwa macho ambayo sikuyapenda, maana kati ya mia na hamsini na mia tatu kulikuwa na mtu mmoja tu kuteguka. Na mimi? Mimi sikuwa malaika. Nililipwa kwa kuanza tu, kwa hiyo nilianza. Nikishaanza, nilijikuta nikitunza miguu. Kulikuwa na mpira mmoja mrefu mwezi wa nane ambao zamani ningeukimbilia mpaka uzio. Niliusindikiza kwa macho. Sikupata hasara yoyote, na nilipofika nyumbani sikuwa na cha kusimulia.

Mwanzoni mwa 2018 kampuni ikaondoka. Meneja alikuja na suti ile ile na uso ule ule, ambao safari hii ulifaa. Alisema biashara imekuwa ngumu. Golikipa aliuliza biashara ya mazishi inakuwaje ngumu. Jezi tulibaki nazo.

Mazoezi yaliyofuata tulikuja kumi na watatu. Tulikuwa kumi na wanane. Nahodha nilikutana naye maktaba, akaniambia haji tena.

"Siwezi kukimbia bure," alisema. "Mimi si mjinga."

"Ulikimbia bure miaka miwili."

"Wakati ule nilikuwa sijui bei yangu."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini kitu kile kilikuwa hata ndani yangu. Kocha alipotuambia tuongeze mizunguko miwili, nilisikia miguu yangu inauliza: ya nini? Kabla ya posho haikuwahi kuuliza. Niliogopa kweli. Nilifikiri yule meneja ameondoka na kitu ambacho hakukileta. Ilichukua wiki kama tatu. Siku moja mvua ilinyesha, niliteleza mbele ya goli letu na kuuokoa mpira kwa tako, wote kumi na watatu tukaanguka kwa kicheko, kocha naye akapiga filimbi akashindwa kuimaliza. Nilipoinuka miguu haikuuliza tena. Tukarudi kupasiana. Tulianza pia kufungwa zaidi, hilo sitalificha.

Lakini nyumbani kulikuwa na mama, na yule msichana anayeimba, na kiti cha tatu. Ningemwambia mama posho imekufa, msichana angeondoka Jumamosi hiyo hiyo na mimi ningerudi karibu na mlango. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni. Baada ya hapo ningetafuta kazi ya kweli, na mpira ungekwisha wenyewe. Msimu mmoja tu. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho nikikieleza naonekana sina akili.

Nilitafuta kazi ya kusuka siku za Alhamisi, ambapo sikuwa na vipindi mchana. Niliipata Berea, mbali na Rosettenville ili nisionekane, kwa mama mmoja wa Tanga aliyefanya saluni chumbani kwake ghorofa ya sita. Lifti ilikuwa imekufa kabla hajahamia. Wateja walifika wakihema, wakalazimika kukaa kwanza ndipo wasukwe. Siku ya kwanza niliingia nikasema habari za mchana.

"Na shikamoo yako umeiacha ngazi ya ngapi?" aliniuliza.

Nilirudi mlangoni nikaanza upya. Alinipenda tangu hapo. Alinilipa kwa kichwa, na vichwa viwili vya Alhamisi vilitosha Jumamosi moja ya yule msichana. Wiki ya tatu aliniuliza napeleka wapi pesa, nikamweleza. Aliacha kuchambua nywele.

"Ngoja nielewe, mwanangu. Unasuka kwangu Alhamisi, upate cha kumlipa msichana asuke kwa mama yako Jumamosi, ili wewe ukacheze mpira."

"Ndiyo, mama."

"Na huko kwenye mpira wanakupa nini?"

"Hawanipi kitu."

Alimtazama mteja, mteja akamtazama yeye.

"Mkono mtupu haulambwi," alisema. "Ila nao wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa wewe mwanangu kwenu wapi, nani akutunze?"

Swali lilinikuta nikivuta nywele, na nikazivuta zaidi, mteja akasema aii. Nikaomba radhi. Miaka kumi nilikuwa nimeishi katika mji huu.

Kila Ijumaa nilimpa mama mia mbili na hamsini. "Posho," nilisema. "Asante, mama," alinijibu, maana kwetu mzazi humwita binti yake mama, na akaziweka kwenye kopo la mafuta ya nywele ambamo zilimngoja msichana. Kaptura iliendelea kupigwa pasi. Nyama iliendelea kuwa kubwa. Kila kipande nilikitafuna nikijua nakula mshahara wa uongo, na njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa imefika mwezi wa tisa na bado naiona mbele.

Mechi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya mwezi huo, nyumbani kwetu, na chuo kingine. Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga. Cha pili kilipoanza nilitazama upande wa pili wa uwanja nikamwona mama.

Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na mkoba wake mweusi. Alisimama katikati ya mashabiki wa wageni, kwa sababu wao walikuja na viti vya kukunja na walionekana watu wenye mpango. Ilikuwa saa sita mchana, siku ya posho. Mama hakuwahi kufunga saluni siku ya posho. Hakuifunga hata siku niliyopasuliwa kidole tumbo; alikuja hospitali jioni, na vipande vya rasta kwenye sweta. Nilijua mara moja kwamba baba amekufa. Ndivyo nilivyowaza, kwa utulivu kabisa: baba amekufa, amekuja kuniambia, anangoja filimbi.

Nikiwa katika hali hiyo ikaja krosi kutoka kulia. Niliona mpira, nikarudi mbio, nikanyoosha mguu kuutoa nje. Niliugonga vizuri mno. Katika maisha yangu sijawahi kuugonga mpira vile. Ulipita juu ya mikono ya golikipa wetu ukaingia pembeni kabisa, pale ambapo washambuliaji hulala wakiota. Lilikuwa goli langu la kwanza na la mwisho katika mpira wa chuo, na nilikuwa nimejifunga.

Wageni walilipuka. Na katikati yao, juu ya kelele zao zote, nilisikia vigelegele. Vilikuwa vya Bukavu, vya harusi, virefu, vya ulimi usiochoka. Mama alikuwa ameinua mkoba juu na anaruka. Wageni waliona wamepata shabiki wa maana, mmoja akamkumbatia, mwingine akampa kiti. Upande wetu kocha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili akiniita, "Sisi! Eish, sisi!" ambayo kwa Kizulu ni dada.

Tulifungwa moja bila. Golikipa alinipita akielekea kwenye chupa za maji.

"Mshukuru Mungu mfadhili alikwisha kuondoka," alisema. "Ningekudai mia mbili."

Nilimkimbilia mama kabla hata ya kuvua njumu, nikamuuliza baba yuko wapi. Alisema amelala, atakuwa wapi tena. Tukaondoka pamoja kwa miguu kuelekea geti la chuo, mimi na soksi zimeshuka, yeye na soda aliyopewa na wageni. Alikuwa anatembea kama mtu anayetoka kwenye ubatizo wa mjukuu.

"Juu ya goli banalipaka ngapi?" aliuliza.

"Mia mbili," nilisema, na papo hapo nikaanza kuhesabu vichwa viwili vya ziada vya Alhamisi.

"Mia mbili." Alikunywa soda kidogo. "Na nani analipa? Ule mama wa Berea?"

Nilisimama. Yeye aliendelea kutembea, ikabidi nimfuate.

"Mwezi ya tano, mama moja alikuya kwangu kufumua rasta," alisema. "Nilipofika nyuma ya sikio, nikaona kona tatu yangu. Nikamuuliza, nani alikusuka? Akasema, mtoto moja wa chuo, Berea, kila Alhamisi. Mkono yake iko muzuri, lakini anavutaka." Alinitazama. "Kweli unavutaka. Nilikuambia tangu Bukavu."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Msichana alikuwa analipwa." Tulivuka barabara kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za kuongozea magari, akangoja mpaka tufike ng'ambo. "Nilingojea uchoke. Mwezi ya sita, nikasema atachoka. Ya saba, baridi, nikasema sasa njo atachoka. Haukuchoka. Njo leo nikafunga mlango, nikasema acha niende nione hiyo kitu."

"Na umeiona?"

"Nimeiona." Alifikiri kidogo, maana hakuwa mtu wa kusifu ovyo. "Munakimbia sana. Lakini goli yako iko muzuri. Hata kocha yenu alikuwa analia: sisi! sisi!"

Miaka kumi mama aliishi Johannesburg, na kila mteja wa Kizulu aliyeingia saluni alimwita sisi. Neno alilijua vizuri. Lakini siku ile alilisikia kwa Kiswahili, akalisikia likisema ni letu, na sikuona sababu ya kumtafsiria.

Ilinichukua mpaka getini kuelewa jambo lingine. Alikuwa anajua tangu mwezi wa tano kwamba hakuna posho. Alijua pale uwanjani kwamba goli lile halina mia mbili wala mia. Vile vigelegele, na mkoba hewani, na kuruka kwa mguu wake uliochoshwa na miaka ya kusimama saluni, alivitoa bure, siku ya posho, saluni imefungwa. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Siku hiyo tulifunga wote wawili, yeye saluni na mimi timu yangu.

"Alhamisi usiende tena Berea," alisema akinisubiri niinuke. "Utakuya kusuka kwangu. Yule msichana wa siku ya posho nitamulipa miye mwenyewe."

"Na mimi, Jumamosi?"

"Weye utaenda kwa mpira." Alinielekeza kidole, cha mkono wenye soda. "Lakini ufunge tena. Ile ile ya leo."

Nilimwahidi kwamba nitajitahidi. Zilibaki mechi tano, na alikuja mbili, na mara zote mbili nilimtafutia kiti upande wetu. Sikufunga tena. Alisema si kitu, moja inatosha. Mpaka leo akikutana na watu kanisani huwasimulia lile goli, lilivyopita juu ya mikono ya golikipa, na mimi nikiwa karibu naitikia.